Kinga ya mwili na homoni za msongo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kotisoli, mojawapo ya homoni za msongo, imepewa jina baya. Kila mahali utasoma namna ya kuishusha, kana kwamba ni sumu iliyoingia mwilini kutoka nje. Nimeandika majibu haya kwa sababu sifa hiyo inawaumiza watu: wapo wanaoacha ghafla dawa zinazofanana nayo kwa kuiogopa, na wapo wanaonunua vidonge vya kutibu ugonjwa ambao haupo. Ukijua ni nani anayeamuru kotisoli itoke, na ni nani anayeamuru ikome, mengi yananyooka. Na miongoni mwa watoa amri hao, mfumo wa kinga ni mmoja wa wakubwa.

Mwitikio wa homoni za msongo ni nini hasa?

Ni mnyororo wa hatua tatu. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya tezi ya pituitari, kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Neva fulani zilizomo humo hutoa homoni ya CRH, ikisindikizwa na nyingine iitwayo vasopresini. Hizi hushuka kwa mishipa midogo ya damu moja kwa moja hadi pituitari. Pituitari ikizipokea hutoa ACTH, ambayo husafiri na damu ya mwili mzima hadi kwenye tezi za adrenali, zile mbili zilizokaa juu ya figo. Gamba la nje la tezi hizo ndilo hutengeneza kotisoli, kwa kutumia kolesteroli.

Adrenali haziweki akiba ya kotisoli. Kila inapohitajika hutengenezwa upya, ndiyo maana huchukua dakika kadhaa kupanda kwenye damu. Mtu mzima mwenye afya hutengeneza takriban miligramu 10 hadi 20 kwa siku, na akiugua sana kiasi hicho hupanda mara kadhaa.

CRH ilisakwa tangu miaka ya 1950, kwani watafiti walijua lazima kuna kitu ubongo unakituma kwa pituitari. Muundo wake, mnyororo wa asidi amino 41, ulitambuliwa mwaka 1981 na Wylie Vale na wenzake.

Na adrenalini je? Si ndiyo homoni ya msongo?

Ni mojawapo, na ndiyo ya haraka. Hutoka kwenye kiini cha tezi zile zile za adrenali ndani ya sekunde chache, kwa amri ya neva. Moyo huenda mbio, sukari hupanda, misuli hupata damu. Kotisoli hufuata nyuma yake na kukaa zaidi. Hata hivyo hizi mbili si wageni: kimeng'enya kinachogeuza noradrenalini kuwa adrenalini huhitaji kotisoli inayotiririka kutoka kwenye gamba kuingia kiini. Gamba likiharibika, na adrenalini hupungua.

Kinga inaingiaje hapa? Nilidhani msongo huanzia kwenye mawazo.

Huanzia huko pia, lakini si huko tu. Kwa ubongo, bakteria walioingia kwenye damu ni dharura sawa na mnyama mkali aliyesimama mbele yako, ila macho na masikio hayawezi kuwatambua. Seli za kinga ndizo zinazowatambua. Zikishakutana nao, hasa zile ziitwazo makrofaji, hutoa protini ndogo za kupelekeana habari zinazojulikana kama saitokini. Zinazohusika zaidi na habari yetu ni tatu: interlukini-1, interlukini-6 na TNF. Kila moja ina uwezo wa kuamsha mnyororo niliouelezea hapo juu, na zikitoka pamoja nguvu yao huongezeka.

Dalili za uhusiano huu zilionekana mapema. Mwaka 1936 Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal, alieleza kwamba panya waliopatwa na baridi kali, majeraha au sumu, vyovyote iwavyo, walionyesha mabadiliko yale yale: adrenali kuvimba, vidonda tumboni, na tezi ya thaimasi kusinyaa. Thaimasi ni mahali ambapo seli T za kinga hukomaa. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ya utafiti wa msongo, kiungo cha kinga kilikuwa mezani. Ilichukua nusu karne watu kuuliza swali la upande wa pili: je, kinga nayo huituma ishara adrenali?

Jibu lilikuja mwaka 1986, pale Hugo Besedovsky, Adriana del Rey na wenzao walipoonyesha kwamba interlukini-1 ikidungwa kwa wanyama wa maabara, ACTH na homoni za adrenali hupanda. Mwaka uliofuata makundi mengine yalionyesha kwamba njia yenyewe hupita kwenye ubongo: ukiizuia CRH kwa kingamwili, interlukini-1 hushindwa kupandisha ACTH kama kawaida. Kwangu mimi huu ni mmoja wa ugunduzi mzuri zaidi wa fiziolojia ya karne iliyopita. Uliondoa ukuta ambao vitabu vilikuwa vimeujenga kati ya daktari wa kinga na daktari wa homoni.

Ubongo umezingirwa na kizuizi. Protini kubwa kama saitokini zinapitaje?

Hili ni swali zuri, na kwa miaka mingi liliwafanya wataalamu wengi wasiamini jambo lote. Seli za kuta za mishipa ya damu ya ubongo zimebanana kiasi kwamba protini nyingi haziwezi kupenya. Lakini habari inaweza kufika bila mjumbe mwenyewe kuvuka, na mwili una njia zaidi ya moja.

Njia ya kwanza ni madirisha. Yapo maeneo machache kandokando ya vyumba vya maji ya ubongo ambako kizuizi hicho ni chepesi, na moja liko karibu kabisa na haipothalamasi. Saitokini za kwenye damu hugusa seli za hapo.

Njia ya pili ndiyo naiona ya ajabu kuliko zote. Saitokini hushika vipokezi vilivyo kwenye ukuta wa mshipa, upande wa damu. Seli za ukuta huo zikisisimka hutengeneza kemikali ndogo ya mafuta iitwayo prostaglandini E2, na hii ndiyo inayoingia upande wa ubongo. Kemikali hiyo hiyo hupandisha homa na huchangia kuamsha neva za CRH. Ukimeza ibuprofeni ili kushusha homa, unazuia kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini. Yaani umekata waya mmojawapo kati ya kinga na ubongo.

Njia ya tatu ni neva ya vagasi, inayotoka tumboni na kifuani kwenda kwenye shina la ubongo. Miisho yake husisimshwa na saitokini zinazotolewa karibu nayo, kwa mfano kwenye ini au utumbo. Habari ikifika kwenye shina la ubongo, neva nyingine huipeleka hadi haipothalamasi kwa kutumia noradrenalini. Njia hii ni ya haraka, na hufaa zaidi maambukizi yakiwa bado madogo na hayajafurika kwenye damu.

Kuna pia vibebeo maalumu vinavyovusha kiasi kidogo cha saitokini kwenye kizuizi, na seli za kinga za ubongo wenyewe, mikroglia, ambazo zikishaamshwa hutengeneza saitokini zao humo ndani.

Ndiyo maana nikiumwa mafua nakosa hamu ya kula na kutaka kulala tu?

Ndiyo. Uchovu, kusinzia, kukosa hamu ya chakula na ya watu, haviletwi na virusi moja kwa moja. Ni ubongo unaoitikia saitokini. Mnyama akidungwa interlukini-1 pekee, bila kidudu chochote, hujikunyata vile vile. Mwili unahifadhi nguvu kwa ajili ya homa na kinga. Ndiyo maana simshauri mtu mwenye homa ajilazimishe kufanya kazi ili asionekane mvivu.

Upande wa huzuni upo pia. Wagonjwa wa homa ya ini aina ya C waliotibiwa kwa interferoni-alfa, ambayo ni saitokini, wengi walipata sonona kutokana na dawa yenyewe. Wengi wao hawakuwa na tatizo hilo kabla ya sindano. Mtu akikuambia kwamba huzuni ni udhaifu wa moyo tu, mweleze hilo.

Kotisoli ikishatoka, inaifanya nini kinga?

Inaituliza, kwa ustadi mkubwa. Kotisoli huingia ndani ya seli na kushika kipokezi chake, kisha viwili hivyo huingia kwenye kiini cha seli. Huko huzuia NF-kappa B, protini inayowasha jeni za interlukini-1, interlukini-6, TNF na vimeng'enya vya prostaglandini. Wakati huo huo huwasha jeni za protini zinazopoza inflamesheni, yaani ule mchanganyiko wa joto, wekundu, uvimbe na maumivu. Idadi ya seli nyeupe nayo hubadilika: neutrofili huachia kuta za mishipa na kuonekana nyingi kwenye damu, huku limfosaiti na eosinofili zikipungua. Kwa sababu hiyo mtu anayetumia steroidi, yaani dawa za jamii ya kotisoli, anaweza kupimwa akakutwa na seli nyeupe nyingi bila kuwa na maambukizi.

Kwa nini kinga iite homoni inayoituliza yenyewe? Kwa sababu kinga isiyotulizwa huua. Panya walioondolewa adrenali hufa kwa dozi ndogo za interlukini-1 au TNF ambazo wenzao wazima huzimudu. Kinachowaua ni mwitikio wao wenyewe: mishipa ya damu hulegea, shinikizo huporomoka, viungo hushindwa. Kotisoli ni breki ambayo kinga huikanyaga yenyewe kila inapoongeza mwendo.

Na breki hiyo hufika pale hasa inapohitajika. Sehemu kubwa ya kotisoli kwenye damu haiko huru. Imebebwa na protini maalumu inayotengenezwa na ini. Protini hiyo ikifika mahali penye inflamesheni, kimeng'enya cha neutrofili huikata na kotisoli huachiliwa papo hapo. Homa yenyewe hulegeza mshiko wa protini hiyo. Zaidi ya hapo, interlukini-1 na TNF huongeza ndani ya tishu kimeng'enya kinachogeuza kotisoni, ambayo haina nguvu, kuwa kotisoli yenye nguvu. Kwa hiyo kipimo cha damu ya mkononi hakikuambii yote yanayotokea kwenye goti lililovimba.

Matumizi ya jambo hili hospitalini yalianza kwa jicho la daktari mmoja. Philip Hench wa Mayo Clinic aligundua tangu mwaka 1929 kwamba baadhi ya wagonjwa wa baridi yabisi hupata nafuu wakipatwa na manjano ya ini, na baadaye akaona wanawake wengi hupata nafuu hiyo wakiwa wajawazito. Akashuku kuna kitu mwilini kinachohusika. Mwezi Septemba 1948 mgonjwa wake wa kwanza alipewa kotisoni, iliyokuwa imetengwa na Edward Kendall, na ndani ya siku chache mtu aliyekuwa hawezi kujigeuza kitandani akawa anatembea. Hench, Kendall na Tadeus Reichstein walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Madhara ya dozi kubwa yalijulikana baadaye, na wagonjwa wa kwanza waliyalipia.

Nani huiamuru kotisoli ikome?

Kotisoli yenyewe. Ikipanda, hurudi kwenye haipothalamasi na pituitari na kupunguza CRH na ACTH. Wataalamu huita mrejesho hasi, na hufanyika kwa mwendo wa aina mbili.

Ule wa polepole huchukua saa kadhaa, kwa kuzima jeni za CRH na za protini inayozaa ACTH. Ule wa haraka ni wa dakika chache, na hauna haja ya jeni. Neva za CRH zikiguswa na kotisoli hutoa kemikali ziitwazo endokanabinoidi, ambazo hurudi nyuma hadi kwenye neva inayozichochea na kuiambia ipunguze glutameti, kemikali inayosisimua neva. Kichocheo kikipungua, CRH nayo hutulia.

Vipokezi navyo ni viwili. Kimoja hushika kotisoli hata ikiwa kidogo sana, na huwa kimeshiba karibu muda wote. Hicho hulinda hali ya kawaida, hasa kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Cha pili hushiba pale tu kotisoli inapopanda sana, na ndicho kinachotoa amri ya kurudi chini.

Madaktari huutumia mrejesho huu kama kipimo. Mgonjwa humeza miligramu 1 ya deksamethasoni, dawa inayoiga kotisoli, usiku, na asubuhi hupimwa kotisoli. Kwa kawaida inapaswa kuwa imeshuka sana. Isiposhuka, huenda kuna ugonjwa wa Cushing, yaani kotisoli kuzidi mwilini, au jambo lingine la kuchunguzwa.

Kuna kemikali nyingine za ubongo zinazoingilia?

Nyingi. Glutameti na noradrenalini husukuma neva za CRH. GABA, kemikali inayotuliza neva, huzishikilia, na kwa kweli karibu nusu ya miunganiko inayofika kwenye neva hizo ni ya GABA. Maana yake ni kwamba mfumo huu mara nyingi huwashwa kwa kuondolewa kizuizi badala ya kuongezewa kichocheo. Serotonini husukuma. Oksitosini hutuliza: mama anayenyonyesha huwa na mwitikio mdogo wa kotisoli akifanya mazoezi mazito kuliko asiyenyonyesha. Naitriki oksaidi ni gesi inayotengenezwa na neva na mishipa ya damu, na kazi yake hapa ina sura mbili, hapa ikisukuma na pale ikizuia, kutegemea imetoka wapi.

CRH nayo ina sura ya pili. Nje ya ubongo, kwenye ngozi na utumbo, hutolewa na miisho ya neva na huweza kuzisisimua seli za masti, ambazo ni seli za kinga, zikatoa histamini, kemikali inayoleta mwasho. Mtu ambaye ngozi yake huwasha zaidi akiwa na wasiwasi hajitungii ugonjwa.

Kwa nini viungo vyangu vya baridi yabisi hukaza zaidi alfajiri?

Kotisoli ina mzunguko wa siku. Huwa chini kabisa karibu na usiku wa manane, hupanda kuelekea alfajiri, na hufika kileleni dakika 30 hadi 45 baada ya kuamka. Kwa wagonjwa wa baridi yabisi, interlukini-6 hupanda usiku na kufika kilele mapema asubuhi, na kotisoli yao, hata inapoonekana ya kawaida kwa namba, huwa haitoshi kwa ukubwa wa inflamesheni iliyopo. Muda huo ndio mgumu kwao.

Kama kotisoli hutuliza kinga, mbona watu wenye msongo wa muda mrefu huwa na inflamesheni zaidi?

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, na maelezo mepesi ya kusema "msongo hushusha kinga" hayatoshi. Msongo mfupi hata huipanga kinga vizuri zaidi kwa muda, kwa kupeleka seli kwenye ngozi na maeneo mengine yanayoweza kujeruhiwa. Shida ni ule usiokwisha.

Seli za kinga zikimwagiwa kotisoli wiki baada ya wiki, hupunguza usikivu wake. Vipokezi hupungua au hufanya kazi vibaya, na saitokini zenyewe huzidisha tatizo kwa kukizuia kipokezi kisiingie kwenye kiini cha seli. Matokeo yake homoni ipo, amri haisikiki, na inflamesheni huendelea. Namba ya kotisoli kwenye karatasi ya maabara inaweza kuwa ya kawaida kabisa wakati huo huo.

Sheldon Cohen na wenzake walilionyesha hili mwaka 2012. Watu wazima 276 wenye afya walihojiwa kuhusu masaibu ya muda mrefu, kisha wakawekewa virusi vya mafua puani. Waliokuwa na masaibu makubwa walikuwa na seli zisizosikia kotisoli vizuri, na wenye seli za namna hiyo ndio waliopata mafua zaidi. Hapa dalili za mafua zilitokana sana na kinga isiyotulia.

Kweli msongo huchelewesha kidonda kupona?

Kweli. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake waliwafuatilia wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza ndugu wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na wengine 13 wa umri sawa wasiokuwa na mzigo huo. Wote walifanyiwa jeraha dogo sawa kwenye mkono. Wauguzaji walichukua wastani wa siku 48.7 kupona, wenzao 39.3. Hatua ya kwanza ya kidonda kupona huhitaji interlukini-1, na seli za wauguzaji ziliitoa kwa shida. Anayemuuguza mgonjwa nyumbani anahitaji kupumzishwa, na hilo ni suala la afya yake mwenyewe.

Mwitikio huu ukiwa dhaifu hutokea nini?

Kuna panya wa aina mbili wa maabara waliotufundisha sana. Lewis wana mwitikio hafifu wa CRH. Fischer wana mkali. Mwaka 1989 Esther Sternberg na wenzake walionyesha kwamba Lewis wakichomwa vipande vya ukuta wa bakteria hupata baridi yabisi kali, na Fischer hawapati. Fischer wakipewa dawa ya kuzuia kipokezi cha kotisoli, nao huugua vibaya.

Kwa binadamu, mfano mzito ni ugonjwa wa Addison, uliopewa jina la Thomas Addison wa London aliyeueleza mwaka 1855. Adrenali zenyewe zimeharibika. Wengi wa wagonjwa wake walikuwa na kifua kikuu, na pale kifua kikuu kilipo kingi bado ni chanzo kimojawapo. Kwingineko mara nyingi ni kinga inayoshambulia tezi. Dalili ni uchovu usioisha, kukonda, kizunguzungu ukisimama, hamu kubwa ya chumvi, kichefuchefu, na weusi mpya kwenye fizi, mikunjo ya viganja na makovu. Weusi huo hutokana na pituitari kutoa ACTH nyingi pamoja na ndugu zake zinazochochea rangi ya ngozi. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, tazama fizi.

Tahadhari moja kwa wahudumu: rifampisini huharakisha kuvunjwa kwa kotisoli kwenye ini. Mgonjwa wa kifua kikuu ambaye adrenali zake zimeguswa anaweza kuzidiwa ghafla baada ya kuanza dawa.

Natumia prednisoloni na najisikia vizuri. Naweza kuacha?

Usiache mwenyewe. Dawa hizi ni sawa na kotisoli machoni pa haipothalamasi na pituitari, kwa hiyo CRH na ACTH huzimwa. Ukizitumia zaidi ya wiki 3 au 4, gamba la adrenali linaweza kusinyaa kwa kukosa ACTH, na kuamka kwake huchukua wiki au hata miezi. Ukiacha ghafla unabaki bila dawa na bila kotisoli yako. Daktari hupunguza dozi hatua kwa hatua ili kuupa mnyororo muda wa kuamka. Hii inahusu hata krimu kali za ngozi zinazopakwa eneo kubwa kwa muda mrefu, zikiwemo zile zinazouzwa za kung'arisha ngozi, na dawa za pumu za kuvuta kwa dozi kubwa.

Kwa nini deksamethasoni iliwasaidia wagonjwa wa UVIKO-19 wengine na si wote?

Kwa sababu ya wakati. Jaribio la RECOVERY la Uingereza, mwaka 2020, lilitumia miligramu 6 kwa siku hadi siku 10. Vifo vilipungua kwa takriban theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa takriban moja ya tano kwa waliohitaji oksijeni. Wasiohitaji oksijeni hawakufaidika. Mwanzoni kinga inahitajika kupambana na virusi, na kuituliza hakuna maana. Baadaye, kwa waliozidiwa, mapafu huharibiwa na kinga yenyewe. Steroidi imeokoa wengi, lakini kuimeza nyumbani siku ya kwanza ya homa ni kosa.

Nimeambiwa nina "uchovu wa adrenali". Ni ugonjwa gani?

Chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani, Endocrine Society, hakiutambui kama ugonjwa, na nakubaliana nao. Hakuna ushahidi kwamba msongo wa maisha huchosha adrenali zikaishiwa kotisoli. Uchovu wako ni wa kweli, na ndiyo sababu unastahili kuchunguzwa sawasawa: upungufu wa damu, thairoidi, kisukari, sonona, kukosa usingizi, maambukizi ya muda mrefu, na Addison ikiwa dalili zake zipo. Baadhi ya vidonge vya kusaidia adrenali vilivyouzwa Marekani vilipopimwa maabara vilikutwa na homoni za thairoidi na steroidi ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Hizo zinaweza kuzima adrenali ambazo zilikuwa nzima.

Nipime kotisoli ili nijue kiwango changu cha msongo?

Hapana. Kipimo hicho hutafuta magonjwa ya adrenali na pituitari, na maana yake hutegemea saa damu ilipotolewa.

Kuna ninachoweza kufanya ili mfumo huu ukae sawa?

Usingizi wa saa zisizoyumba, maana mzunguko wa kotisoli na wa saitokini hufuata usiku na mchana. Mazoezi pia: misuli ikifanya kazi hutoa interlukini-6, na katika mazingira hayo hufuatiwa na saitokini za kupoza kama interlukini-10. Tibu maambukizi yanayodumu, hata ya fizi. Na kama chanzo cha msongo ni mtu au hali inayoweza kubadilishwa, kuibadilisha ni tiba kuliko kirutubisho chochote.

Ninaishi na mtu mwenye Addison. Akipata homa nifanye nini?

Mwili wenye afya ungeongeza kotisoli wenyewe kwa amri ya saitokini. Wake hauwezi, kwa hiyo lazima iongezwe kwa mkono. Kanuni ya kawaida ni kuongeza dozi ya haidrokotisoni, yaani kotisoli ya dawa, mara mbili siku za homa, kwa maelekezo aliyopewa na daktari wake, na kurudi kwenye dozi ya kawaida akipona. Hiyo hiyo huwahusu wanaotumia steroidi kwa muda mrefu. Wamuulize daktari wao mapema na muandike mpango.

Akitapika au kuharisha kiasi cha dawa kutokaa tumboni, akichanganyikiwa, akilegea au kushindwa kusimama, hiyo ni dharura. Kama mna sindano ya haidrokotisoni nyumbani, kwa mtu mzima ni miligramu 100 kwenye msuli wa paja, mara moja, kisha hospitali. Ukiwa na shaka, dunga. Dozi moja isiyohitajika haimdhuru, kuchelewa kunaweza kumuua. Mkifika, sema kabla ya jambo lingine lolote: "Adrenali zake hazifanyi kazi, anahitaji haidrokotisoni sasa." Kadi yenye maneno hayo ikae kwenye pochi yake na nakala kwenye simu yako.